Nimenunua Vita ya mtumba

Siku ya kwanza nilipoingia nayo ofisini, mwenzangu wa masijala aliitazama akauliza hicho ni kitu gani. Nikamwambia, "Vita." Akasema, "Vita na nani tena, dada, na mshahara bado haujaingia?" Tangu hapo, kila nikiitoa kwenye mkoba wakati wa chakula cha mchana, hakosi mtu wa kuuliza kama vita vimeshaanza. Nimechoka kuwaeleza kwamba sarufi inatosha kututenganisha: vya watu ni vita *vya*, ya Sony ni Vita *ya*. Na kwa kuwa kituo changu cha kazi ni Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, na mashine yenyewe ni ya mtumba, utani umepata pa kuishi.

Nimekaa nayo miezi saba sasa, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Kwa asiyeijua: PlayStation Vita ni konsoli ya mkononi ya Sony, yaani mashine ya kuchezea magemu. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 17 Desemba 2011, ikafika Marekani na Ulaya Februari 2012, na Machi 2019 Sony ikaacha kuitengeneza. Maana yake ni kwamba hakuna kiwanda kinachotoa mpya. Utakayoikuta Kariakoo, Dodoma au mtandaoni, karibu zote zimeshapita mikononi mwa mtu. Yangu ni toleo la kwanza, PCH-1000, lenye kioo cha OLED, aina inayotoa nyeusi ya kweli. Toleo la pili, PCH-2000, ni jembamba, jepesi, na linachajiwa kwa waya uleule wa simu za zamani za Android, ila kioo chake ni LCD, aina ya kawaida. Shika tofauti hiyo ya waya, maana mimi sikuishika na nililipia.

Nilikuwa nimekwenda mjini kubadilisha kioo cha simu, kwenye vibanda vya mafundi upande wa soko la Majengo. Wakati fundi anapasha kioo joto nikawa naangalia kabati lake. Simu za batani, rimoti za ving'amuzi, pedi mbili za PS2 zilizokatika nyaya, na hapo katikati, chali, Vita nyeusi. Nikauliza bei.

"Hiyo PSP, mama? Laki tatu na nusu."

Haikuwa PSP. PSP ni kaka yake. Nikanyamaza, nikajisemea mwenye mali haijui mali yake, hapa nimeokota. Nikataja laki mbili. Tukavutana, akaniita mama, akaniita dada'angu, mwisho akaniita bosi, tukaachana kwenye laki mbili na sitini. Nikauliza chaja. Akasema, "Chaja ya kawaida tu, yoyote inaingia." Nikauliza kadi. "Imo." Nikalipa kwa simu, nikaondoka natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Ujanja wangu uliishia nyumbani Kisasa saa moja jioni. Toleo la kwanza la Vita lina tundu lake la chaji, pana na bapa, ambalo halipokei waya wowote mwingine uliowahi kutengenezwa duniani. Na kadi ilikuwemo kweli, fundi hakusema uongo. Ilikuwa ya giga 4.

Hapa niseme jambo ambalo kila anayetaka mashine hii lazima alisikie kabla hajatoa pesa. Vita haitumii memori kadi za simu. Sony walitengeneza kadi zao wenyewe, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zinazoingia kwenye Vita tu. Ilipotoka Marekani, mashine iliuzwa dola 250, na kadi ya giga 32 pekee ikauzwa dola 100. Fikiria ununue baiskeli, kisha uambiwe tandiko ni karibu nusu ya bei ya baiskeli na la mwingine haliingii. Kosa hilo moja lilifukuza watu wengi kabla hata hawajajua magemu yenyewe yakoje. Na toleo hili la kwanza halina hifadhi ya ndani kwa ajili ya magemu, kwa hiyo bila kadi hupakui kitu.

Nilirudi kwa fundi kesho yake. Alinipokea vizuri sana, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema anaweza kukata kichwa cha waya wa simu na kuunga moja kwa moja ndani. Nilimtazama koleo lake la kulehemu lililopinda, nikamtazama na yeye, nikarudisha Vita mkobani. Kebo nilikuja kuipata Kariakoo kwa mtu wa mtu: shilingi 25,000, na 5,000 ya kuituma kwenye basi. Nikaifuata stendi ya Nzuguni jioni na bajaji. Baadaye nikapata kadi ya giga 16, iliyotumika, kwa 110,000. Jumla yake ni laki nne. Switch ya mtumba, konsoli ya Nintendo, niliyotajiwa hukohuko Kariakoo ilikuwa laki sita na nusu. Weka pembeni namba hizo mbili, tutazirudia.

Sasa mashine.

Kioo ni kizuri mno. Inchi 5, nukta 960 kwa 544, namba ambazo leo hata simu ya laki mbili inazipita, lakini OLED ni OLED: nyeusi yake ni nyeusi ya usiku wa kijijini umeme ukikatika. Niliijua vizuri thamani yake kwenye treni. Nilikuwa nakwenda Dar kwenye msiba, SGR ya asubuhi, na karibu na Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki. Taa za ndani zinawaka, lakini dirisha linakuwa giza ghafla, na kwenye giza lile kioo cha Vita kilikuwa kama kijidirisha cha nyumba ya mtu mwingine. Mtoto wa kiti cha pili aliacha simu ya mama yake, akaja kusimama begani kwangu. Hatukusemezana. Tulipotoka handakini akarudi kwa mama yake.

Betri ilinitoa Dodoma ikiwa imejaa, ikanifikisha Pugu inalialia. Nilicheza kama saa tatu na kitu. Kwa mashine ya umri huo sina la kulalamika.

Vijiti viwili vya kuelekeza ni vidogo lakini ni vijiti kweli, tofauti na PSP iliyokuwa na kimoja bapa cha kusukuma. Mgongoni kuna sehemu ya kugusa, kioo kizima kisichoonekana ambacho vidole vyako vinalala juu yake muda wote bila kujua. Magemu mengine yanaitumia kwa akili. Mengine yanaitumia kwa ukorofi, unacheza vizuri halafu mhusika wako anaruka shimoni kwa sababu kidole cha pete kimejikuna.

Vumbi ni suala la Dodoma, si la Sony. Kuanzia Juni upepo ukishika, kila chenye tundu kinajaa. Kijiti cha kushoto kilianza kukwama mwezi wa pili. Nikakipulizia, nikatumia brashi ya rangi ya mtoto wa jirani, kikakaa sawa. Siku hizi naiweka kwenye kisanduku cha miwani. Ukiwa Dar hilo usilihesabu, utapambana na chumvi.

Haya yote ni ya mwilini. Roho ya mashine ni magemu, na hapo ndipo penye kisa.

Makampuni makubwa yaliikimbia Vita mapema. Simu zilikuwa zimeshaanza kula soko la vya mkononi, Nintendo walikuwa na 3DS iliyouza zaidi ya mashine milioni 75, na Vita ikabaki nyuma kiasi kwamba Sony waliacha kuitangazia idadi yake peke yake. Rafu ikawa tupu. Kwenye rafu ile tupu wakaingia watengenezaji wadogo, watu wawili watatu kwenye chumba, wakati mwingine mtu mmoja. Sony nao, kuanzia mwaka 2012 hivi, walikuwa wanawatafuta, wakawalegezea masharti ya kutoa magemu yao wenyewe bila kupitia mchapishaji. Kukawa na utaratibu mzuri kwamba gemu ukilinunua mara moja, mengi unalipata kwenye Vita na kwenye PS3 au PS4 kwa pesa ileile. Kwa mtengenezaji mdogo ilikuwa kama kufungua genge mtaa ambao supamaketi imefunga. Wateja si wengi, lakini wote wanapita mbele yako.

Ndiyo maana ukifungua Vita leo, kilicho kizuri kingi ni cha wadogo. OlliOlli, la Roll7 wa London, la ubao wa magurudumu, lilianzia hapa Januari 2014, hapa kabla ya kwingine kokote. Linachezwa kwa kijiti cha kushoto na kitufe kimoja, raundi moja ni dakika moja na nusu, na daladala ya kutoka mjini hadi Mtumba inanipa raundi kumi na kitu, ikitegemea dereva ana haraka gani. Mwaka uliofuata lilipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa magemu ya spoti. Severed, la DrinkBox wa Toronto, lilitoka Aprili 2016 kwa Vita pekee: msichana Sasha, aliyebaki na mkono mmoja, anatafuta familia yake, na upanga unauchora wewe kwa kidole juu ya kioo. Nimelimaliza mara mbili. Mara ya pili nililia mahali palepale.

Kisha wakaanza kuondoka.

Severed halikufikisha hata miezi minne kabla ya kuonekana kwenye iPhone na iPad. Mwaka uleule likaingia 3DS na Wii U za Nintendo, na Agosti 2017 likaingia Switch. OlliOlli lilikuwa limeshahamia PS4 na kompyuta mwaka uleule wa 2014. Kaka yao, TowerFall, historia yake ni ya kuhama tangu kuzaliwa. Lilianzia kwenye Ouya, kile kiboksi cha dola 99 kilichochangiwa na watu zaidi ya dola milioni 8 mtandaoni mwaka 2012. Ouya ikadorora, gemu likahamia PS4 na kompyuta mwaka 2014, likapita hata hapa Vita Desemba 2015, na mwenyeji wake wa kwanza akazimiwa huduma zake Juni 2019. Mpangaji ameishi kuliko mwenye nyumba.

Aliyewavuta zaidi ni Switch. Ilitoka tarehe 3 Machi 2017, inachezwa mkononi kama Vita, ina memori ya kufanyia kazi giga 4 wakati Vita ina nusu giga, na mwanzoni nayo rafu yake ilikuwa na nafasi. Leo imeuza zaidi ya milioni 150. Mimi wala si mtu wa hesabu, lakini hiyo sihitaji kikokotoo.

Kuna watu wanawasema vibaya watengenezaji hawa, kwamba mashine iliwabeba walipokuwa hawana jina na wao wakaipa kisogo. Nilikuwa na mawazo hayohayo kidogo, hadi nilipoongea na mtoto wa kaka yangu. Yuko UDOM, anasoma mambo ya kompyuta, na usiku anatengeneza gemu la mchungaji anayevusha mbuzi kati ya vimbunga vya vumbi. Anatumia Godot, programu ya kutengenezea magemu, ambayo ni ya bure. Nikamwambia, "Baba, si uliweke na kwenye Vita, nilicheze?" Aliniangalia kwa huruma ambayo shangazi hapaswi kuangaliwa nayo.

"Shangazi, hata mlango wa kuingilia haupo."

Akanieleza. Kuhamishia gemu kwenye mashine si kunakili faili. Unalifungua upya, unabana picha na sauti ziingie kwenye memori ndogo, unabadilisha namna ya kugusa na kubonyeza, unalipeleka likakaguliwe na mwenye mashine, likirudi na makosa unarekebisha na kulipeleka tena. Programu kubwa ya kutengenezea magemu, Unity, ambayo wadogo wengi waliitegemea, iliacha kuihudumia Vita. Kwa hiyo hata mwenye mapenzi anabaki na vifaa vya zamani anavyovishikilia kwa kamba. Kazi ni ileile iwe wateja ni mia au laki. "Sasa duka la kompyuta la Steam nalipa dola 100 kwa gemu, duka la Google nalipa dola 25 mara moja tu, na darasani kwetu hakuna asiye na simu. Vita darasani kwetu ni ngapi?"

Nikamjibu haipo hata moja, ya shangazi yako iko Kisasa.

Baba yake ana ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo. Msimu mmoja, si wa zamani sana, mnunuzi aliyewaahidi hakuleta lori. Zabibu haisubiri. Walikaa siku tatu wanaangalia barabara, ya nne wakaanza kuzipanga kwenye ndoo na kuzitembeza mjini kwa bei ya aibu, na zilizobaki zikaliwa na nyuki. Msimu uliofuata kaka hakulumbana na mtu. Alitafuta mapema lori linapita wapi, akapeleka mzigo huko, mbali kidogo, nauli juu yake. Hakuna mtu Hombolo aliyesema kaka amewasaliti. Baada ya kukumbuka hilo sikuwa tena na neno kwa watu wa Toronto.

Na nasema hivyo mimi niliyehamishwa. Sisi wa serikalini tulitolewa jiji kubwa tukaletwa jiji dogo, wao wametoka padogo kwenda pakubwa, tumepishana njiani Morogoro.

Ila kuhama nako si uzima wa milele. Roll7 walinunuliwa mwaka 2021 na kampuni kubwa, wakatoa OlliOlli World Februari 2022 kwenye kila mashine kubwa, lenye rangi, muziki, kila kitu, na miaka miwili baadaye studio ikafungwa. Nimelicheza kwenye kompyuta ya mpwa wa jirani. Ni gemu zuri. Lile la kwanza, la kidole na kitufe kwenye daladala, nalipenda zaidi, na najua nusu ya mapenzi hayo ni ya daladala.

Kitu ambacho watu hawakitaji ni kwamba gemu likihama linaacha kitu nyuma, na mara nyingine linabeba kitu kisichoondoka. Severed kwenye Switch huwezi kulicheza kwenye televisheni, konsoli lazima uitoe kwenye stendi yake uishike mkononi, kwa sababu upanga bado ni kidole. Yaani limehamia jumba kubwa lakini bado linalala kwenye mkeka. Kinyume chake ni Tearaway, la Media Molecule, ambao si wadogo, ni wa Sony wenyewe. Mwaka 2013 walilijenga juu ya mgongo wa Vita: unabonyeza nyuma, na kidole chako kinatokea ndani ya dunia ya karatasi, kinaitoboa kama chapati. Kamera inachukua sura yako inaiweka ndani ya jua. Mwaka 2015 wakalifanya upya kwa PS4, na pedi haina mgongo wa kugusa. Wakabuni mengine, taa na upepo. Lakini kidole chako hakimo. Kwa hilo Vita bado ni pekee, na kama una Vita na huna Tearaway, hujainunua bado.

Stardew Valley ndilo lililonifunga mimi. Mtu mmoja, Eric Barone, alilitengeneza peke yake na kulitoa kwenye kompyuta Februari 2016. Kwenye Switch lilifika Oktoba 2017, kwenye Vita Mei 2018, yaani wakati Vita imebakiza chini ya mwaka mmoja wa kutengenezwa. Alikuja mazishini na sufuria ya wali, nami namshukuru. Unaanza kama karani aliyechoka ofisini, unarithi shamba la babu. Sihitaji kueleza kwa nini mtu wa masijala alishikwa hapo.

Nimepanda zabibu, bila shaka. Mzabibu wa kwenye gemu unazaa baada ya siku 10, kisha kila siku 3 unavuna tena hadi msimu uishe. Nilimwonyesha kaka akacheka mpaka akakohoa. Wa Hombolo unausubiri mwaka na zaidi, unapogoa, unapulizia, unavuna mara mbili kwa mwaka ukijaliwa, na bado kuna lori. Akaniuliza kwenye gemu nani anazinunua. Nikamwonyesha sanduku la pembeni ya nyumba: unatumbukiza, asubuhi unakuta pesa. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hilo sanduku linauzwa wapi?"

Lakini Stardew ya Vita ilisimama pale. Masasisho makubwa yaliyokuja baadaye, lile la mwisho wa 2020 lililoongeza kisiwa kizima, na lile la 2024, hayakufika kwetu. Mtoto wa kaka ana kisiwa kwenye laputopu yake, ana kasuku, ana volkano. Kwangu mimi bahari inaishia ufukweni. Kuhifadhi siku kunachukua muda wa kuweka maji ya chai jikoni, na shamba likijaa vitu mashine inapumua kwa shida. Hayo ndiyo maisha ya kubaki: shamba lako lipo, linavunwa, ila hakuna habari mpya kutoka mjini.

Duka la mtandaoni sasa. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, kwa hiyo utafungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za zawadi za nchi hiyohiyo. Yangu ni ya Uingereza. Usichanganye, kwa sababu Vita inafunga akaunti moja kwenye kadi, ukibadili akaunti inataka kufuta kilichomo. Tangu Oktoba 2021 kadi ya benki haikubaliki ndani ya duka la Vita, lazima pesa ziwe zimeshaingia kwenye akaunti kwa njia nyingine. Duka lenyewe liliponea chupuchupu. Machi 2021 Sony walitangaza kwamba lingefungwa tarehe 27 Agosti mwaka ule. Watu wakapiga kelele, na Aprili 19 wakageuza uamuzi. Lakini mapokezi ya magemu mapya yalifungwa mwaka uleule, na kuna wadogo waliokuwa katikati ya kazi wakaachwa na gemu mkononi. Nilipoingia mara ya mwisho lilifunguka vizuri, polepole, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Ni kama duka la mzee ambaye haendi tena Kariakoo kufungasha: sukari ipo, kiberiti kipo, ukiuliza kipya anatabasamu.

Fundi, tuliyekuja kuwa marafiki kwa namna ya ajabu, aliniambia anaweza kuvunja ulinzi wa mashine kwa 30,000 na kunijazia magemu mia yasiyolipiwa, pamoja na kiambata cha kuwekea memori kadi ya simu. Kiambata nakitamani, sitadanganya, kwa sababu bei ya kadi za Sony ni dhambi. Magemu mia nilikataa. Nilimsimulia mtoto wa kaka nikitegemea kusifiwa. Akasema, "Fikiria wangenifanyia mimi hivyo." Nikamwambia amalize kwanza.

Kama unaitaka: usizidishe laki mbili kwa mashine tupu ya toleo la kwanza, na usitoe hata shilingi kabla hujaona chaja yake imeingia na taa imewaka. Ingia kwenye mipangilio usome ukubwa wa kadi kwa macho yako. Sukuma vijiti pande zote. Angalia kioo kwenye rangi nyeusi, OLED za zamani zina madoa. Kama unataka gemu litakalotoka mwezi ujao, jazia ile laki mbili na nusu uchukue Switch, au baki na simu yako. Kama una Severed, Tearaway, OlliOlli na shamba la kulima usiku umeme ukikatika, laki nne zangu sizidai. Alama ninayompa fundi ni nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya kioo cha simu, kwa sababu hicho alikibadilisha vizuri.

Jumamosi iliyopita alinipigia. Amepata nyingine, nyeupe, safi, kaileta mtu wa Singida.

"Toleo la ngapi?"

"Ileile yako, bosi."

"Chaja?"

Akanyamaza. Nikamsikia anahamisha vitu kabatini.

"Ya kawaida tu," akasema, na wote wawili tukacheka, nikamwambia aniwekee hadi mwisho wa mwezi.